Ada ya Maombi

Kiwanda cha sabuni kilipopunguza siku za kazi kutoka sita hadi tatu, mama alirudi nyumbani akasema tu, "Tutabana matumizi." Hakukuwa na kilichobaki cha kubana. Baba alikuwa fundi saa, lakini kisukari kilikuwa kimemharibu macho, na skrubu ndogo za saa siku hizi alizipapasa tu kwa ncha za vidole. Utani haukumwisha. "Sukari ya dukani inapanda kwa pesa," alikuwa akisema, "yangu inapanda bure."

Binti yao alikuwa amewapita wenzake wote shuleni, na alitaka udaktari. Vyuo vilikuwa vitatu. Kila kimoja kilidai ada ya maombi, isiyorudishwa upate usipate, na mwaka huo vyote vilikuwa vimeipandisha. Akachagua kimoja. Kwa miezi mitano alifua nguo za watu nyumba kwa nyumba, mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Pesa alimpa mama amtunzie.

Siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa Ijumaa. Binti alikuwa na rundo la mashuka kwa mwalimu mmoja asiyependa kuahirishiwa, kwa hiyo fomu na pesa vilikwenda na mama, ambaye hupita ofisi ya chuo akienda kazini.

"Umelipa, mama?" aliuliza jioni.

"Nimelipa."

"Risiti iko wapi?"

"Wamebaki nayo. Wanaibana pamoja na fomu."

Binti akamkumbatia.

Jioni hiyohiyo mama alipeleka chupa nne za insulini kwa jirani mwenye friji. Dawa ilikuwa imeadimika kwa wiki tatu, na baba alikuwa akijigawia nusunusu, ulimi umemkauka. Binti alifurahi imepatikana. Kila asubuhi alimchoma sindano yeye mwenyewe, kwa mkono mwepesi, na hakuuliza imetoka wapi.

Miezi miwili ikapita. Wenzake wakaanza kuitwa kwenye usaili. Yeye hakupata hata ujumbe, basi akaenda ofisini kwa miguu.

Karani aliandika jina lake kwenye kompyuta mara mbili. "Huna ombi hapa, dada."

"Mama alileta mwenyewe. Ijumaa, siku ya mwisho."

Karani akafungua daftari la kupokelea fomu, akashusha kidole taratibu, mstari kwa mstari, kisha akamgeuzia aone. "Siku hiyo tulipokea kumi na moja. Wewe humo. Kamuulize mzazi vizuri."

Alikaa kwenye ngazi za nje. Kwenye kila pakiti ya insulini mwuza dawa alikuwa ameandika tarehe kwa kalamu, na tarehe hiyo alikuwa akiisoma kila asubuhi. Ilikuwa Ijumaa ile.

Alipofika nyumbani, mama alikuwa akikata vitunguu. Baba akainua uso kufuata mlio wa viatu. "Wamesemaje?"

"Wamenikataa, baba."

"Kwa alama zile?"

"Wengi walikuwa na zaidi."

"Basi wamechagua kwa kufumba macho. Wangeniita mimi nisiyeona, ningewachagulia vizuri zaidi."

Kisu cha mama kilikuwa kimesimama.

Baadaye mama alimfuata binti nyuma ya nyumba, kwenye kamba za nguo. "Uliongea na nani?"

"Na karani. Alinionyesha daftari."

Mama akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nilifika kwenye foleni. Nilikuwa wa tatu. Lakini nilikuwa nimepita duka la dawa, wakaniambia zimeingia chache, zitaisha kabla ya mchana."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungesema ninunue dawa. Halafu ungekaa na hilo maisha yako yote. Nikaona heri unichukie mimi."

"Una hakika ningesema hivyo?"

Binti mwenyewe alijipekua moyoni, hakupata hakika, na hilo ndilo lililomtisha.

Kiwanda kilifungwa mwezi uliofuata. Chupa ya nne ikaisha, na ya tano haikupatikana kwa bei yoyote waliyoiweza. Baba alilazwa Jumanne, akipumua kwa nguvu na haraka kama mtu aliyekimbia. Binti aliujua upumuaji ule. Alikuwa ameusoma kitabuni. Wodini baba aliendelea kuwasimulia wagonjwa wenzake habari za chuo kisichojua kuchagua watu, na mama na binti, mmoja kila upande wa kitanda, hawakumkatiza. Alhamisi alfajiri akafariki.

Maombi ya mwaka uliofuata yalipofunguliwa, ada ilikuwa imepanda tena. Binti alisoma tangazo lote, akalikunja, akarudi kazini. Siku hizi mama anafua naye. Wanakamua mashuka pamoja, huyu ncha hii, huyu ncha ile, wakizungumzia jua na bei ya sabuni.