Kinga ya Ndama

Sila alipofungua mdomo, Hilda alirudi nyuma hatua moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi ya maabara. Utando mweupe wa fangasi ulikuwa umetanda kutoka ulimini hadi kooni, na harufu yake ilikuwa ya maziwa yaliyochachia kwenye kibuyu kisichooshwa. Mwaka jana mfugaji huyu wa kijiji cha Zuzu alikuwa na kilo sabini, na kipimo cha wingi wa virusi vya ukimwi hakikuona kitu. Sasa mizani ilisoma arobaini na tisa.

Alimuuliza kama anameza dawa. Sila akajibu kwamba aliziacha tangu masika, tena kwa akili timamu, kwani Hilda mwenyewe ndiye aliyemwambia kuwa kile kimstari kwenye kipimo cha ukimwi kinaonyesha kingamwili, yaani silaha ambazo mwili umejitengenezea.

"Ndama wangu wote nimewachanja homa ya ndigana, dokta," alisema. "Mtaalamu anampa ndama ugonjwa wenyewe, hapohapo anampiga sindano ya dawa. Akipona ana kinga, anavalishwa hereni ya alama sikioni. Mimi nimeugua, nimekunywa dawa miaka mitatu, kingamwili ninazo. Imebaki hereni tu."

Alicheka, akakohoa, akatema kwenye kitambaa. Hilda alikitazama kwa kinyaa, kisha akaona kinyaa zaidi kwa ile sentensi yake mwenyewe ya siku ya kipimo cha kwanza, sentensi ya kweli iliyoachwa nusu. Akavuta kiti, akaketi kuimalizia.

Kuhusu ndigana, alimwambia, hajakosea. Lakini kirusi hiki ni kichafu. Kinaingia ndani ya chembe hai ya mwili, na kinapotoka kimejifunika sukari za mwili uleule, kingamwili zikikutana nacho zinaona jamaa wa nyumbani. Sehemu zake zisizobadilika kimezificha ndani ya mikunjo. Mwili ukitumia wiki kadhaa kutengeneza kingamwili za kukikamata, chenyewe kimeshazaana, kikijinakili kwa makosa mengi, na baadhi ya makosa hayo yamekipa sura mpya. Vidonge ndivyo vilivyokuwa vinakizuia kuzaana. Virusi vingine vilibaki vimelala ndani ya chembe, na alipoacha kumeza vikaamka.

Sila aliitazama mikono yake, akaifuta kwenye shuka lake kama mtu aliyeshika usaha.

"Sasa hizi kingamwili zangu zinafanya kazi gani?"

"Zinamfukuza aliyekuwepo mwezi uliopita, mzee. Wa leo hazimjui."

Akauliza kama uchafu huo utamtoka siku moja. Hilda akasema hapana. Akimeza kila siku utalala, akiacha utaamka. Na kwa hali aliyofika, hakumwahidi kwamba hajachelewa. Angetoa damu ipimwe, kisha daktari angempima mapafu, atibu fangasi, ndipo vidonge virudi.

Sila aliikunja midomo kama aliyeonja nyongo. Kisha akapandisha mkono wa shati na kugeuzia uso ukutani.

"Toa hiyo damu," alisema. "Halafu nipeleke kwa daktari wewe mwenyewe, umwambie yote, usimwachie nusu."

Hilda akafunga mpira juu ya kiwiko, akatafuta mshipa.