Msindikiza Wageni

Delfin alipofika msibani kule mjini Marikina mchana ule, Wilmer alikuwa na sinia mkononi. Kahawa, biskuti, mbegu za tikiti za kutafuna. Alizunguka kati ya meza za wacheza karata kama kibarua, shati jeusi limemganda mgongoni. Sebuleni, chini ya kioo cha jeneza, alilala Romel, mume wake kwa kila kitu isipokuwa jina.

Delfin ni mshauri nasaha. Wanaume hawa wawili walikuwa wateja wake, wakigombana mbele yake nani aoshe vyombo na nani amwambie mama. Aliwaambia wajitunze, wale, walale, wasiombe ruhusa ya kupendana. Maneno matamu hayo, ukiyasema chumbani huku mlango umefungwa. Leo yalimtia aibu.

Benchi la wafiwa lilikuwa mbele ya jeneza. Mama Pacing, mamake Romel, alikaa na nduguye, Diwani Berto, aliyepanga nani akae wapi utadhani ni kikao cha kata. Nafasi ilikuwepo. Wilmer alikuwa hajaigusa.

"Umekula?" Delfin alimnong'oneza.

"Nitakula baadaye, Kaka."

"Baadaye lini? Weka sinia chini, ukakae naye."

"Nikae kama nani? Diwani ameniambia, 'Wewe mpangaji, kahawa isiishe.' Mpangaji! Na kitanda kile tulinunua wote."

Delfin alitamani kumwendea yule diwani amkaripie. Lakini angesema nini? Siri ya mteja haitoki, na neno moja lingewaanika wote wawili, aliye hai na aliyekufa, mbele ya mtaa mzima. Akaketi meza ya nyuma.

Wanawake wa karakana ya viatu walikokuwa wakifanya kazi Romel na Wilmer wakasimama kuaga. Diwani akapiga makofi.

"Wilmer! Wasindikize wageni!"

Pale kwao mfiwa hamsindikizi mgeni wa msiba, hata hadi mlangoni. Akifanya hivyo, wanasema, anakiita kifo kije kumchukua mwingine wa nyumba hiyo. Kwa hiyo kazi ile hupewa mtu baki, na tangu asubuhi aliyeitwa ni Wilmer. Kila alipoitwa, watu wote walisikia kwamba yeye hakupoteza mtu.

Wilmer aliutazama mlango. Kisha akaliweka sinia mapajani mwa Diwani.

"Siwezi, Mjomba."

"Huwezi? Umevunjika mguu?"

"Nimefiwa."

Karata zikasimama. Wilmer akaketi benchini. Mama Pacing alivuta sketi yake kidogo, hakumtazama, na wala hakumfukuza.

Diwani alimwinamia, sauti chini. "Nyumba ni ya Romel, na Romel hakuwa na mke. Ukikaa hapo, tukimaliza mazishi unafungasha."

"Nitafungasha," Wilmer alisema, macho kwenye kioo.

Wanawake walibaki wamesimama na mikoba yao, hakuna wa kuwatoa. Delfin, mtu baki kwelikweli, akainuka akawasindikiza. Nje getini, mmoja wao, mtu mzima, akamshika mkono.

"Baba, kwani yule kijana ni nani wa marehemu?"

"Si umemsikia, Mama?" Delfin akasema. "Amefiwa."