Nyumba Isiyofungwa Lango

Kufikia nyumba ya nne, Twaiba alikwisha kujua mazungumzo yangeharibikia wapi. Sebule ilikuwa safi, choo kilikuwa ndani, kodi alikuwa anaimudu, na kituo cha matatu za Likoni hakikuwa mbali. Mwenye nyumba, mama mmoja wa Ng'ombeni mwenye miwani, alikuwa amemchekea tangu mlangoni. Kisha akauliza, "Na mama yako utakayeishi naye, yeye anafanya nini?"

"Anapika vitumbua," Twaiba alijibu kwa sauti ya chini.

"Vya kula nyumbani?"

"Vya kuuza."

"Kwa gesi?"

"Kwa kuni."

Yule mama aligeuka akautazama ukuta wake uliopakwa rangi nyeupe juzijuzi.

Nje, dalali Chome alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake akila machungwa. Alipomwona Twaiba anavyotembea alielewa.

"Bibie, nimekwambia mara ngapi? Vitumbua utavitaja mkishahamia!"

"Akiniuliza nitasemaje?"

"Sema mama amestaafu."

"Amestaafu kazi gani?"

"Yoyote! Kwani utaombwa cheti?"

Twaiba alicheka kidogo, ila moyo haukucheka. Alijijua. Uongo ulikuwa haumkai mdomoni. Angeanza kusema mama amestaafu, na kabla hajamaliza angekuwa ametaja vitumbua, kuni, moshi na bei ya unga wa mchele. Alikuwa msichana wa haya nyingi, mwenye umri wa miaka ishirini na mitano, na akisalimiwa na watu wawili kwa mpigo alitazama viatu vyake. Hata kazi yake aliipenda kwa sababu hiyo. Alisomea chuoni kutengeneza meno ya bandia, na kutwa nzima alikaa karakanani kisiwani Mombasa akichonga magego ambayo hayakumsemesha.

Tatizo lilikuwa saa. Yeye na mama yake, Bimkubwa, waliishi Msambweni. Twaiba alitoka nyumbani saa kumi alfajiri, na bado kulikuwa na siku alizoingia karakanani saa mbili, plasta haijakorogwa na madaktari wanapiga simu kuulizia kazi zao. Mkubwa wake, Bwana Mangi, alimwita mwanzoni mwa mwezi. "Mkono wako naupenda," alimwambia. "Saa zako ndizo sizipendi. Mwezi huu ukiisha, nataka mtu anayefika saa moja kamili."

Mwezi ulikuwa umebakisha siku tisa.

Angeweza kupanga chumba kimoja Likoni, aishi peke yake. Bimkubwa mwenyewe ndiye aliyemwambia hivyo, huku ameinama juu ya chuma chake cha vitumbua, akikisugua mahali palipokuwa safi tayari. "Nenda mwanangu. Mimi nimezoea." Lakini goti la Bimkubwa lilikuwa limeanza kumsumbua, na barabara aliyouzia ilikuwa imehamishwa na ujenzi, wateja wakahama nayo. Kila siku beseni lilirudi na vitumbua vilivyopoa. Na karo yote ya chuo, kuanzia siku ya kwanza hadi cheti, ilitoka kwenye yale mashimo saba ya chuma kile. Twaiba aliapa moyoni kwamba wataondoka wawili au hataondoka mtu.

"Kuna moja Waa," Chome alisema akifuta mikono kwenye suruali. "Sikutaka kukupeleka."

"Kwa nini?"

"Panda. Utaiona."

Ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka barabara kuu. Nyumba ya mawe ya matumbawe, bati lisilo na kutu, vyumba viwili, baraza yenye sakafu ya saruji, na uwa mpana uliozungukwa na ukuta. Nyuma kulikuwa na jiko la nje, limesimama peke yake na bomba lake la moshi. Kodi yake ilikuwa nusu ya ile ya Ng'ombeni.

Twaiba alisimama barazani akaogopa kuipenda. "Ina nini nyumba hii?"

"Haina kitu."

"Ina jini?"

"Jini gani? Angekuwamo jini, angekuwa analipa kodi!" Simu ya Chome ikalia, naye akashukuru, akatoka nje ya lango kuipokea.

Ndipo Twaiba alipolitazama lango lenyewe. Lilikuwa la chuma, zito, lakini halikuwa na komeo. Mahali pa komeo palikuwa na alama tatu za msumeno. Na katikati ya uwa palikuwa na kisima, mdomo wake umechimbika vijifereji vingi na kamba za miaka na miaka.

"Hodi hapa!"

Mwanamke wa makamo, ndoo mbili mkononi, alikuwa amesimama langoni mguu mmoja ndani mmoja nje, kama mtu anayetarajia kufukuzwa.

"Karibu. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye mpangaji mpya?"

"Bado. Naitazama tu."

"Basi ngoja nichote upesi kabla hujahamia."

Twaiba hakuelewa, lakini aliona mama yule anavyoshika kiuno, akaipokea kamba bila kuambiwa. Alichota ndoo ya kwanza, akachota ya pili. Maji yalikuwa baridi na meupe, hayana chumvi hata chembe. Mama yule, aliyejitaja kuwa Bi Maimuna wa nyumba ya pili, alimtazama kwa makini muda wote huo.

"Dalali hajakwambia," alisema mwishowe.

"Hajaniambia nini?"

Bi Maimuna akaketi juu ya ukingo wa kisima akamweleza. Nyumba ilikuwa ya wakfu. Marehemu Bi Ummulkheir, ambaye hakujaliwa mtoto, aliiacha kwa masharti mawili: kodi iende madrasani, na kisima kiwe cha mtaa mzima, lango wazi kuanzia alfajiri hadi baada ya isha. Wapangaji wakawa wanakuja kutoka mjini, wanaipenda kodi, wanayakubali masharti, na baada ya wiki mbili wananunua kufuli. "Wanaenda kazini, wanatufungia. Tunalala bila maji na maji tunayaona! Mzee Muzammil, msimamizi wa wakfu, amekata makufuli matatu kwa mkono wake. Sasa amechoka. Kuna bwana mmoja anaitwa Kombe, anataka kuichukua kwa kodi mara mbili, atie pampu na tangi. Leo alasiri wanakutana."

Chome alirudi, akaona kamba mkononi mwa Twaiba, akajua siri imetoka. "Haya, umejua. Watu arobaini watapita uani kwako kila siku ya Mungu, na wengi wao kabla jua halijachomoza. Wewe, bibie, utawaweza?"

Twaiba aliwaza. Watu arobaini, na kila mmoja na salamu yake! Kisha akawaona kwa jicho jingine: watu arobaini, alfajiri, wameamka na njaa, wanasimama foleni. Akaligeukia lile jiko la nje.

"Bi Maimuna, asubuhi hapa watu wanakunywa chai na nini?"

"Na mkate wa dukani wa juzi. Kwa nini?"

"Na jiko lile, kuni zinaruhusiwa?"

"Mwanangu, jiko lilijengwa la nini, la kutundikia picha?"

"Chome," Twaiba alisema, "nipeleke kwa huyo mzee."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Walimkuta Mzee Muzammil barazani kwake, kofia magotini, na Kombe ameketi kando yake na karatasi za pampu. Twaiba aliamkia, akakaa ukingoni mwa jamvi. Dirishani, nyuma ya kichwa cha mzee, yalikuwa yamepangwa makufuli matatu, kila moja limekatwa pingu.

"Nyumba nimekaribia kumpa bwana huyu," mzee alisema, tena bila furaha. "Anasema maji atayauza kwa bei ya ujirani."

"Bei ya ujirani kabisa," Kombe alikubali. "Na paa la madrasa linavuja, mzee. Kodi mara mbili."

"Nalijua paa langu." Mzee alimgeukia Twaiba. "Wapangaji watatu waliniapia mahali hapo ulipokaa kwamba hawatafunga. Na wewe umekuja kuniapia?"

Twaiba alitikisa kichwa.

"Unafanya kazi wapi?"

"Kisiwani."

"Kutoka hapa utaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja unusu."

"Na utarudi magharibi. Basi lango atalifungua nani?"

Viatu vya Twaiba vilikuwa pale chini, vyeusi, vyenye vumbi la pikipiki, naye alivitazama. Chome alikohoa kikohozi cha maana. Kikohozi kile kilisema *amestaafu, amestaafu*. Twaiba akavuta pumzi.

"Mama yangu," alisema, na maneno yakaanza kumtoka yote kwa pamoja. "Naishi naye. Anaamka saa tisa unusu kila siku. Anapika vitumbua. Vya kuuza, na kwa kuni, na kuna moshi, babu, sitaki kukuficha, moshi upo. Nyumba nne zimetukataa. Lakini siwezi kukuapia kwamba hatafunga kwa sababu ya wema. Hatafunga kwa sababu akifunga, atamwuzia nani?"

Mzee alimwinamia.

"Sema tena hilo la mwisho," mzee alisema.

Twaiba aliinua kichwa. "Akilifunga lango, vitumbua atamwuzia nani?"

Mzee Muzammil alianza kucheka polepole, mabega kwanza, kisha kifua, kisha kikohozi. "Lahaula! Miaka minne natafuta mtu wa kuniapia, kumbe nilikuwa natafuta mtu wa kuniuzia."

"Mzee," Kombe alisema, "utaacha kodi mara mbili kwa sababu ya vitumbua?"

"Kwani nimesema hivyo? Bado sijavionja." Alivaa kofia yake. "Binti, Jumamosi alfajiri mlete mama yako, na chuma chake. Na wewe Bwana Kombe, njoo. Utakuwa mgeni wangu."

Bimkubwa alipoambiwa, aliweka beseni chini. Kisha akauliza, "Watu arobaini?" Na bila kungoja jibu akaanza kuchagua mchele wa kuroweka.

Ijumaa jioni Chome aliwafikisha Waa kwa gari la kuazima, wakalala kwa Bi Maimuna. Alfajiri, kabla mwadhini hajamaliza, jiko la nje lilikuwa linawaka. Bimkubwa alikaa kwenye kigoda, goti lake amelinyoosha, akamimina rojo mashimo yote saba bila kumwaga tone. Harufu ya iliki na tui iliruka ukuta kabla ya jua. Wa kwanza kuja alikuja na ndoo. Wa pili alikuja na ndoo na sahani. Ilipofika saa kumi na mbili, foleni ya kisima na foleni ya jiko zilikuwa zimechanganyika, na watu walikuwa wanagombana kwa furaha.

"Mimi nilikuwa hapa!"

"Wewe ulikuwa ya maji. Hii ya vitumbua, geuka nyuma!"

"Bi mgeni, usimsikilize huyu, huyu hata kwao hupanga foleni!"

Bimkubwa aliwajibu wote, mmoja mmoja, akicheka kana kwamba alizaliwa nao. Twaiba hakuwa amemsikia mama yake akicheka hivyo tangu barabara ihamishwe. Ilimbidi aingie nyuma ya jiko afute macho, akisingizia moshi.

Mzee Muzammil alikula kitumbua kimoja. Akala cha pili. Cha tatu alikifunga kwenye leso akakitia mfukoni, akasema neno moja tu. "Hamieni."

Kombe alikuwa anakula cha tano. "Mzee ameamua," alisema mdomo umejaa. "Mama, kesho utapika?"

Walihamia Jumapili. Katika kufungua vifurushi, Bimkubwa alitoa kufuli jipya alilonunua Msambweni, kubwa, lingali na plastiki yake. "Nililinunua siku uliyoanza kutafuta nyumba," alisema kwa aibu. "Niliona nyumba haikosi kufuli." Walitazamana, wakacheka mpaka wakaketi chini. Jioni ile Twaiba alikwenda peke yake, akapiga hodi mwenyewe, akaliweka kufuli dirishani kwa Mzee Muzammil, kando ya yale matatu.

"Hili halijakatwa," mzee alisema.

"Wala halitakatwa, babu."

Jumatatu alitoka saa kumi na moja unusu. Alipitia katikati ya foleni, akaitikia salamu kumi na moja, alizihesabu. Bi Maimuna alimtilia vitumbua vya moto ndani ya mfuko wa karatasi kama yeye ndiye mpishi. Matatu haikumweka, feri ilikuwa inashusha daraja alipofika, na upande wa pili jua lilimkuta akitembea bila kukimbia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika mji ule.

Lango la karakana lilikuwa limefungwa. Alilisukuma mara mbili asiamini. Kisha akaegemea ukuta, akafungua mfuko wake, akangoja.

Bwana Mangi alifika saa moja kasorobo, funguo mkononi, akasimama. "Twaiba! Umelala hapa?"

"Hapana," Twaiba alisema, akimtazama usoni. "Mimi naishi Waa." Akamnyoshea mfuko. "Karibu vitumbua. Bado vina moto."