Waya Uliopinda

Waya ulikatika mikononi mwa Yudith kwa mara ya pili tangu kuche, ukajikunja na kuangusha matawi ya mizabibu.

"Mama, unakaza nini?" Joel, msimamizi wa shamba, alikuja mbio. "Nyaya zimenyooka hizi!"

"Zimelegea. Tazama huu nao, hapa katikati umebonyea."

Joel akainama, akafumba jicho moja kama seremala anayekagua ubao. Waya ulikuwa umenyooka toka nguzo hadi nguzo. Yudith akamwiga. Alipofumba jicho la kushoto, waya ulinyooka. Alipofumba la kulia, ukapinda. Akarudia tena na tena, na badala ya kuogopa akacheka. Alikuwa amezeekea kwenye mashamba ya zabibu ya kijiji cha Zuzu, na hakuwahi kujua kwamba macho mawili ya mtu mmoja yanaweza kubishana.

"Usicheke, mama. Bosi akikuta nyaya zimekatwa, tunafukuzwa wote. Nenda hospitali, usirudi mpaka wamekuambia una nini."

Huko hospitali ya mjini, kijana wa dirisha la mapokezi hakuinua uso kutoka kwenye simu yake.

"Una rufaa?"

"Sina."

"Kachukue zahanati ya kwenu."

"Kule hakuna daktari wa macho."

"Ndiyo maana wanakupa rufaa."

Yudith alikuwa ameshageuka kuondoka, ndipo binti mwenye koti jeupe akatokeza kichwa akiuliza kama kuna mgonjwa yeyote wa macho. Siku hiyo kulikuwa na mafunzo ya mashine mpya, na wagonjwa hawakutosha. Basi rufaa haikutajwa tena. Kumbe sheria nazo zinajua kukaza na kulegeza.

"Shikamoo, mama. Naitwa Munira. Weka kidevu hapa, tazama ule msalaba wa bluu, usipepese."

"Marahaba. Inaunguza?"

"Hapana, ni mwanga tu. Unaingia ndani ya jicho na kurudi. Mashine inapima umerudi kutoka kina gani, halafu inachora jicho tabaka kwa tabaka, kana kwamba tumelikata kwa kisu."

"Na kisu chenyewe hakuna?"

"Hata tone la damu hulioni."

Yudith akageuziwa kioo cha kompyuta. Jicho lake lilikuwa limelala pale kama ukuta wa kisima kinachochimbwa, udongo juu ya udongo. Katikati, matabaka yalikuwa yameinuka, na chini yake pana uvimbe mweusi.

"Hapo ndipo waya unapopinda?"

"Ndipo hapo. Ni maji hayo. Sukari imeharibu mishipa midogo, inavuja. Dawa za sukari unameza?"

"Zikipatikana."

Yudith alifurahi, tena alifurahi kweli. Kumbe hakuwa amerukwa na akili.

"Basi yatoeni hayo maji."

Munira akashusha sauti. "Kuna sindano, mama, lakini hapa hatuna. Mashine imeletwa na mradi. Dawa haikuwamo kwenye mradi. Labda Dar, kwa wenye bima kubwa. Ukikaa hivi hivi, jicho litazimika."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mgeni huyu wa chuma alikuwa amekuja mikono mitupu.

Mlango ukafunguliwa, Daktari Ibrahimu akaingia na wanafunzi wake. Alitazama picha, uso ukamchangamka.

"Mama, jicho lako ni zuri sana! Hebu rudisha kidevu, na hawa waone."

Yudith alirudisha. Kusema kweli, hata yeye alitamani kuliona tena. Mwanafunzi mmoja aliposogea karibu, Yudith akamuuliza, "Mwanangu, ukiona hivyo, unamfanyaje mgonjwa?"

"Tunamchoma sindano, mama. Mapema, kabla jicho halijaharibika."

"Haya. Nichomeni."

Wanafunzi wakamtazama daktari. Daktari akatazama kioo. Yudith akaondoa kidevu, akajifunga khanga yake vizuri.

"Mama, wengine hawajaona bado."

"Weka chako, daktari. Mimi mmeniona inatosha."

Jioni Joel alimkuta shambani, amefumba jicho la kushoto, akiunganisha waya uliokatika kwa plaizi.

"Wamesemaje?"

"Wamesema waya umenyooka."

"Na jicho?"

Yudith akabana fundo la waya, akalijaribu kwa kidole.

"Jicho ni zuri sana," akasema. "La kufundishia."