Sindano Iliyoelekea Kwangu

Sindano ya dira ilikataa kaskazini. Mwalimu Natanaeli aliizungusha, akaigonga kwa ukucha, akaizungusha tena, lakini kila ilipotulia ilinitazama mimi, niliyekaa benchi la mbele, magoti yangu yakigusa meza yake. Tulikuwa katika kanisa letu la udongo pale Nakivale, kambi ya wakimbizi, ambalo jioni liligeuka kuwa darasa la watu wazima.

"Mama Orpa," alisema, "umebeba nini?"

Ndipo nikakumbuka. Nilikuwa nimetoka shambani moja kwa moja, na kisu nilikichomeka kwenye mkunjo wa kitenge. Nilipokitoa, darasa zima liliangua kicheko.

"Mwalimu, angalia, huyu mama anakuya ku masomo na silaha!" alipaza sauti Gatete, muuza sabuni. "Ukimupa sifuri, sisi tutakuzika!"

Kisu kilipowekwa mbali, sindano ilirudi kaskazini. Hakuna aliyetaja kitu cha pili kilichofichwa na kitenge kile, ingawa kilikuwa na miezi saba na kila mwenye macho alikiona. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa bila kulia. Tangu hapo mimba haikusemwa nyumbani kwetu. Mama mkwe wangu, Mukakalisa, hakuruhusu kinunuliwe hata kitambaa cha kumfunikia mtoto. Mume wangu, Mutabazi, alitazama pembeni kila niliponyoosha mgongo. Nami nilijizoeza kuishi na mwanangu kwa mbali, kama mtu anayempokea mgeni ambaye huenda asilale.

Mwalimu alitoa mkobani gazeti la Kifaransa lililokwisha kupoteza jalada, alilopewa na masista wa Nyamitanga. Ulikuwa mwaka 2006.

"Kuna chombo," alisema, "ambacho watu wamekirusha hadi kwenye Zohali, sayari yenye pete. Kinaizunguka sasa hivi tunapoongea. Kimebeba kifaa kinachofanya kazi ya sindano hii, ila chenye hisia kali ajabu. Wamekiweka kwenye mkono mrefu, mbali na kiwiliwili, kisije kikadanganywa na vyuma vya chombo chenyewe." Akanitupia jicho. "Kama kisu cha Mama Orpa."

Akatuchorea Zohali kwa chaki, na nguvu zake za sumaku zikiizunguka kama mikondo ya maji. Ndani ya mikondo hiyo akatia nukta moja. Mwezi huo unaitwa Enseladasi, alisema, na ni mdogo kiasi kwamba ungeweza kukaa juu ya Uganda kama yai kiotani. Ni mweupe, barafu tupu. Wengi walidhani umekwisha kufa kwa baridi. Chombo kilipoupita kwa mbali, kile kifaa kilihisi mikondo ya sumaku ikijipinda kuuzunguka, kama mto unavyolizunguka jiwe ambalo hakuna aliyeliona.

"Basi wenye kile kifaa wakawaomba wenzao: safari ijayo tusogee. Njia ikashushwa, chombo kikapita karibu kuliko ilivyopangwa. Na kule kusini mwa mwezi, kwenye nyufa za barafu, wakakuta mvuke wa maji ukiruka kwenda angani. Ndani, ndugu zangu! Ndani ya kitu tulichokiita maiti!"

Sikuwahi kuwaza kwamba mbali kiasi hicho, mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja, kitu kinaweza kupumua pasipo kusubiri kuonwa.

"Mwalimu," niliuliza, "kabla ya kusogea, walijuaje kwamba kifaa hakikukosea?"

"Hawakujua, mama. Ndiyo maana waliomba kusogea."

Siku chache baadaye mtoto aliacha kucheza tumboni. Nilikunywa chai ya sukari nyingi, nikalala ubavu wa kushoto, nikangoja. Kimya. Kulipopambazuka, mama mkwe alinikuta nimejifunga kitenge cha safari. Alisimama mlangoni, mkono kwenye nguzo, akaniziba njia.

"Unakwenda wapi?"

"Mbarara. Kwa Goretti, yule mkunga wa Nyamitanga."

"Mwanangu, ukiuliza utajibiwa." Sauti yake haikuwa na ukali. "Usipouliza, bado unaye."

Nilimwelewa. Alizika watoto wawili njiani tulipokimbia kutoka milima ya Kivu, na kutouliza ndiyo fimbo pekee iliyomvusha. Mara ya kwanza nilimtii; tulingoja hadi kungoja kukakosa maana. Lakini sasa niliwafikiria wale watu wa sumaku. Nao wangeweza kubaki mbali na mwezi wao mweupe, wakatumaini bila kuumizwa.

"Nataka kusogea, mama," nilisema.

Hakujua nilichomaanisha. Hata hivyo, aliushusha mkono.

Mutabazi alinipatia nafasi mbele ya lori la mahindi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimevuka daraja la mto Rwizi. Nilimtaka Goretti kwa sababu ndiye aliyempokea yule wa kwanza, na hakugeuza uso.

"Tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu jana jioni."

"Lala hapa, nyabo. Nyamaza kabisa. Hata mawazo yanyamaze."

Akachukua chombo chake cha mti, mfano wa tarumbeta ndogo, akaweka mdomo mpana tumboni pangu na sikio lake upande mwembamba. Kwa mkono mwingine alinishika kifundo cha mkono.

"Huko unatafuta nini?"

"Moyo wako wewe. Nisije nikaudhania wa mtoto."

Nikaukumbuka ule mkono mrefu uliokaa mbali na vyuma vya chombo chenyewe.

Alisikiliza chini ya kitovu. Akahamia kushoto. Mbuzi alilia dirishani, naye akafoka bila kuinua kichwa, "Toa huyo hapo!" Kisha akapiga magoti sakafuni, akaegemea zaidi, mpaka nikahisi uzito wote wa kichwa chake. Alifumba macho. Mahali fulani chombo cha watu kilikuwa kikipita penye giza, kikisikiliza barafu. Na hapa mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, akinisikiliza mimi.

Ndipo kidole chake kikaanza kugonga kifundo changu. Kiligonga upesi upesi, upesi mno kuwa mimi. Aligonga tu, akinitumia alichokisikia, nami niliyembeba mtoto ndani ya maji yake miezi yote hiyo nikapokea habari zake kutoka nje.

"Kamelala, kavivu haka," alisema mwishowe. "Lakini huondoki mpaka kacheze. Ongea nako, kanasikia."

"Niseme nini?"

"Kwani wewe ukikutana na mtu unaanzaje?"

Nikaweka kiganja tumboni. "Ninaitwa Orpa," nilisema, kwa haya. Nikasema tena, kwa sauti. Mara ya tatu nikajibiwa kwa teke.

Jua lilikuwa limezama nilipofika nyumbani. Nyota zilikwisha kutoka. Sikujua ipi ni Zohali. Mama mkwe alikuwa kizingitini na ungo wa maharage mapajani, na maharage yenyewe hayakuwa yameguswa. Alinitazama usoni, asiulize.

Nikachuchumaa mbele yake, nikaukunjua mkono wake uliokomazwa na jembe, nikagonga kiganjani kama nilivyogongewa.

Ilimchukua muda.

"Haraka hivyo?" alinong'ona.

"Hivyo."

Alikitazama kiganja chake, kisha akanirudishia, kikiwa wazi.

"Rudia," akasema.