Doti Isiyokatwa

Jumatano ile Mwanakhamis hakuja.

Bi Jokha alikuwa amevaa koti tangu saa mbili na nusu, amekaa kwenye kiti cha mlangoni, mkoba mapajani, barua ya kliniki ya macho ndani ya mkoba. Mwaka wa tatu huu Mwanakhamis alikuwa akivuka Birmingham na gari lake kutoka kwake Saltley, akipita Sparkhill kumchukua, kwa sababu daktari akishamtia ile dawa ya kupanua mboni Bi Jokha haoni hata ngazi ya basi. Alikuwa na desturi yake Mwanakhamis: anapiga honi moja fupi, kisha anashuka kuja kumshika mkono, ingawa kutoka mlangoni mpaka kwenye gari hakufiki hatua kumi.

Saa tatu ikafika na honi haikulia. Akapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Basi akaenda kwa basi, akarudi kwa basi, amevaa miwani ya jua na mvua inanyesha. Kwenye kivuko cha Stratford Road mama mmoja asiyemjua alimshika kiwiko, akamvusha, akaenda zake bila kungoja kuambiwa asante.

Jioni, macho yalipotulia, alifungua simu aone kama Mwanakhamis ameandika. Hakuwa ameandika. Lakini chini ya picha ya kanga aliyoiweka Facebook siku ya Jumamosi palikuwa na maneno ya watu zaidi ya mia, na ndipo alipoyasoma moja moja kwa mara ya kwanza. "Imefika hiyo." "Anayejijua ajijue." "Saltley, mpo?" Na vile vikatuni vya uso vinavyocheka mpaka machozi, safu kwa safu.

Akaiweka simu kifudifudi mezani.

Bi Jokha alikuwa mkusanyaji wa kanga. Alikuwa nazo doti mia mbili na kumi na nne katika makabati matatu, kila moja imebanwa kikaratasi kwa pini. Nyingi alizikata, akazipinda na kuzivaa, kwani kwa maoni yake kanga isiyovaliwa ni kitambaa tu. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa akiziandika kwenye jukwaa moja la mtandaoni liitwalo Ukumbi, alilolianzisha mzee Kishore wa Hall Green, ambaye baba yake aliuza kanga dukani Mombasa. Kishore huziita leso, Bi Jokha huziita kanga, na huo ndio ulikuwa ugomvi wao wa pekee.

Ukumbi ulikuwa na masharti yake. Unaweka picha ya doti nzima. Unaandika jina lake, yaani yale maneno ya kwenye pindo, na mwaka, na mahali ilikochapwa ukipajua. Mwisho kabisa unajibu swali ambalo Kishore hakumsamehe mtu yeyote: Imekufikiaje? Ukiandika leo unajibiwa baada ya siku nne, au wiki mbili. Mara moja Bi Jokha alingoja miezi miwili, kwa kuwa mwanachama mmoja wa Tanga alikuwa anangoja shangazi yake apone ndipo amuulize.

Mwanakhamis ndiye aliyemcheka kwa hilo.

"Da Jokha, leo unaandika, mwezi ujao unajibiwa. Hayo mazungumzo au barua ya posta?"

Akaichukua simu yake, akamwingiza katika kundi la wapenda kanga kwenye Facebook, akamwonyesha pa kubonyeza. Na kusema kweli Bi Jokha alipapenda. Ukumbi wenyewe ulikuwa umekwisha kupoa, wanachama wameondoka mmoja mmoja, na Kishore ametangaza kwamba ataufunga Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kule kundini walikuwa watu mia nne. Akiweka picha asubuhi, chai haijapoa wamekwisha kumwaga mioyo myekundu. Hakuna aliyemuuliza kanga imemfikiaje. Akawa anaamka na kanga ya siku kichwani, kama mtu anayeamka na kazi.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Ijumaa ya wiki iliyopita palikuwa na khitma katika ukumbi mmoja wa Newtown. Bi Jokha alikuwa akimimina chai, jicho likamdanganya, chai ikaingia kwenye sahani ya kaimati. Mwanakhamis akasema kwa sauti yake ile ya kuchekesha, "Jamani, mwondoleeni da Jokha birika kabla hajatutia chai mapajani." Wanawake wakacheka. Bi Jokha naye akacheka, akatoa birika.

Kesho yake asubuhi aliweka kundini doti nyekundu yenye weusi, na chini yake akaandika "Asubuhi njema" tu. Pindo lilisema: NILIKUKINGA NA MVUA, LEO WANICHEKA NIMELOWA.

Kanga iliyo kabatini ni kitu cha mkusanyaji. Kanga iliyoonyeshwa watu asubuhi baada ya jambo ni neno. Kila mtoto aliyelelewa Unguja anajua kwamba mwanamke haulizwi kanga yake ni ya rangi gani, huulizwa kamvalia nani. Na hakuna aliyekuwa Newtown siku ile asiyejua kwamba Mwanakhamis alipofika Birmingham, mwaka 2006, hana pa kulala, alikaa chumba cha nyuma cha Bi Jokha msimu mzima wa baridi. Mkingaji alijulikana. Aliyekingwa alijulikana.

Bi Jokha aliapa peke yake jikoni kwamba hakukusudia. Macho yake siku hizi hayasomi vikaratasi. Alitaka nyekundu, akachukua nyekundu. Akaifuta ile picha. Baada ya dakika chache mtu akaandika: "Amefuta. Basi ni kweli."

Ndipo alipokumbuka Ukumbi. Doti ile ile alikwisha kuiandika kule miaka mingi nyuma, na tarehe ipo. Angempelekea Mwanakhamis ukurasa ule, aone kwa macho yake kwamba ni kanga ya mkusanyiko kama nyingine, ya zamani, haikununuliwa kwa ajili yake. Alihitaji shahidi, na shahidi alikuwa kwa Kishore.

Alhamisi akaenda Hall Green. Ushma, mke wa Kishore, alimvua koti akalitandaza karibu na hita likauke. Kishore alikuwa mbele ya kompyuta, anahifadhi kurasa kabla ya kufunga. Bi Jokha akamweleza yote, naye akatafuta, akaipata. Akasoma. Kisha akazikuza herufi mpaka kila moja ikawa kubwa kama kidole gumba, akasema anakwenda kutafuta sukari. Sukari ilikuwa mezani.

Bi Jokha akasogea, akasoma maneno yake mwenyewe.

"Imenunuliwa Darajani, Unguja, Agosti 2013. Imekufikiaje: Nimeinunua kwa hasira. Yuko mtu niliyemweka kwangu hana pa kukaa, na siku ya dua ya nyumba yake mpya aliwachekesha wageni kwa ukuta wangu unaotoa maji. Nilitaka niivae mbele yake. Lakini nilipotua uwanja wa ndege wa Birmingham nilimkuta amekaa tangu alfajiri na chupa ya chai ya tangawizi, na ndege ilichelewa saa tano. Sitaivaa wala sitaikata. Naiandika hapa nisije nikasahau."

Chini yake, siku sita baadaye, Kishore alijibu mstari mmoja: "Doti isiyokatwa haijasema neno."

Alisahau. Alikuwa ameisahau hasira, akaisahau na ile chai ya tangawizi. Lakini mkono wake ulipita doti mia mbili na kumi na tatu, ukatoa ile, asubuhi ile.

Kishore aliporudi alimkuta amevua miwani.

"Nilikuja kutafuta shahidi," Bi Jokha alisema.

"Ndiyo huyo, umempata."

"Kanishuhudia mimi."

Kishore akakaa. Alisema ndio ubaya wa Ukumbi, hausahau, na huenda ndiyo sababu watu wamehama. Kisha akasema taratibu, "Bi Jokha, kesho kutwa nafunga. Ukitaka ukurasa huu niufute sasa hivi, ni dakika moja. Hakuna atakayejua."

Bi Jokha aliangalia koti lake pale kwenye hita. Mambo mawili yalikuwa mbele yake. Angeweza kwenda Saltley na kiapo, na kiapo kile nusu yake ingekuwa kweli. Mwanakhamis angeweza hata kukubali. Lakini kila Jumatano, njia nzima mpaka kliniki, wangekuwa watatu ndani ya gari, yeye na Mwanakhamis na uwongo.

"Nichapie," alisema. "Kwa herufi kubwa."

Ijumaa asubuhi akapanda mabasi mawili, karatasi na doti ndani ya mkoba. Mwanakhamis alifungua mlango akasema karibu, kama mtu anavyomkaribisha msoma mita. Shikamoo hakutoa, na dada hakumwita. Akamletea chai katika kikombe cha wageni chenye mstari wa dhahabu, yeye ambaye Bi Jokha hunywa kwake katika bilauri yoyote iliyo karibu.

Bi Jokha hakujitetea. Akampa karatasi. Mwanakhamis aliisoma amesimama, akarudi juu akaisoma tena.

"Kwa hiyo ilikuwa yangu kweli."

"Ilikuwa yako. Miaka kumi na miwili iliyopita."

"Na Jumamosi?"

Bi Jokha alikuwa amelifikiria jibu hili tangu basi la kwanza.

"Jumamosi mkono ulikwenda wenyewe. Lakini mkono ni wangu."

Mwanakhamis akaiweka karatasi mezani, akaisawazisha kwa kiganja.

"Ungekuja umeivaa hapa mlangoni," alisema, "tungegombana, tungelia, tungepika. Ungenipa nafasi nikujibu. Umenivalia mbele ya watu mia nne. Shangazi yangu wa Makunduchi kanipigia simu kuniuliza nimekufanya nini. Makunduchi. Wale wote utawagawia karatasi?"

Bi Jokha akafungua mkoba, akatoa doti, akaiweka kando ya kikombe. Mwanakhamis aliiacha pale kitambo. Mwisho akaikunjua, akalitafuta lile pengo jeupe la katikati, mahali vipande viwili vinaposhikana, pa kupitisha mkasi. Akapitisha kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Hukuikata."

"Sikuikata."

"Na chupa ile ya chai ilikuwa ya bluu."

"Nyekundu," Bi Jokha alisema kabla hajafikiri.

"Ya bluu. Ninayo mpaka leo."

Hawakucheka. Mwanakhamis akaikunja doti vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya kabati pamoja na ile karatasi. Alisema zitabaki pale. Hakusema mpaka lini, na Bi Jokha hakuuliza. Wala hakuuliza habari ya Jumatano ijayo, ingawa daktari alitaka kumwona tena baada ya wiki moja.

Jumamosi, kabla Ukumbi haujafungwa, alikaa na simu karibu na dirisha akaandika kwa kidole kimoja, chini ya maneno yake ya 2013: "Doti hii imetoka kwangu. Iko Saltley, kwa mwenyewe. Ilisemeshwa kwa kosa langu." Kishore alijibu baada ya dakika tano, haraka ambayo haikupata kutokea Ukumbini: "Nimeona." Jioni ukurasa haukufunguka tena.

Kundini pia aliandika. Alieleza kwamba kanga ile hakuna aliyestahili kuelekezewa, na kwamba rafiki yake amemfanyia wema mwingi kuliko mvua zote za Birmingham. Siku ya tatu akatazama. Waliojibu walikuwa kumi na wanane. Wengi wao walikuwa wameuliza mbona leo hakuna picha.

Jumatano ikafika. Hakuna aliyempigia simu, naye hakumpigia mtu. Akavaa koti, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, miwani ya jua imeandaliwa, akajiambia kwamba saa tatu ikigonga atatoka kwenda kituoni. Ilipobaki robo ikalia honi moja fupi.

Mwanakhamis hakushuka. Bi Jokha alifunga mlango, akazitembea zile hatua kumi peke yake, mkono ukipapasa ukuta wa bustani, kisha mlango wa gari. Ndani mlikuwa na joto. Kiti cha mbele kilikuwa kimesogezwa nyuma kabisa, kama kinavyosogezwa siku zote kwa ajili ya goti lake.

Akasalimia. Mwanakhamis akaitikia, macho mbele. Gari halikuondoka. Bi Jokha akangoja, asijue linalongojwa.

"Mkanda, da Jokha," Mwanakhamis alisema.