Mama Yuko Chini ya Mstari

Baba yangu alifundisha miaka thelathini na minane, na kwa miaka yote hiyo wanafunzi walimwita jina moja tu: Rula. Hakuwahi kumchapa mtu nayo. Aliitumia kupimia. Alipima pambizo za madaftari, alipima nafasi kati ya dawati na dawati, na siku ya harusi yangu aliipima keki kabla ya kuruhusu ikatwe. Kwa hiyo alipostaafu, akaandika kitabu cha maisha yake na kunikabidhi mimi binti yake nikichape, nilijua nimepatikana.

Nina duka la kuchapa na kutoa kopi. Kompyuta mbili, printa moja yenye kikohozi, kiti kimoja cha mteja. Nimechapa barua za kuomba kazi na barua za kuacha kazi, na mara moja nilichapa zote mbili za mtu yuleyule ndani ya wiki moja. Faili halijawahi kunishinda. Baba alikuja na madaftari manne na sharti moja: kitabu kiwe na tanbihi, yale maelezo ya herufi ndogo yanayokaa chini ya ukurasa, chini ya kamstari, kila moja na namba yake.

"Kitabu kisicho na tanbihi ni porojo," alisema. "Na kila tanbihi ikae ukurasa uleule wenye namba yake. Isihame."

Tanbihi zilikuwa thelathini na nane. Thelathini na saba zilikaa kwa adabu. Ya kumi na saba ilikuwa na kichwa kigumu kuliko aliyeiandika.

Huku juu, kwenye habari yenyewe, Baba aliandika hivi: "Mkaguzi alifika bila taarifa, akaikagua shule, akaondoka ameridhika." Namba 17 ikaangukia hapo, mstari wa mwisho kabisa wa ukurasa wa arobaini. Tanbihi yenyewe ilikuwa na mistari ishirini na sita. Ilieleza kwamba asubuhi ile Baba alikuwa na suruali moja tu ya kazini, nayo ilikuwa imefuliwa na iko kwenye kamba. Mama akatoka, akamlaki mkaguzi, akamtembeza kwenye bustani ya shule saa nzima akimweleza habari za kila mti, mingine akiibatiza majina palepale, mpaka suruali ikakauka na mwalimu mkuu akatokea.

Sasa mistari ishirini na sita utaiweka wapi pale ambapo ukurasa umekwisha? Kompyuta iliweka miwili ukurasa wa arobaini, na iliyobaki ikaitupa ukurasa wa arobaini na moja. Mkaguzi yuko huku, suruali iko kule. Nikapunguza herufi, ikahama yote. Nikausukuma mstari wa mkaguzi ukurasa wa mbele. Nyuma yake pakabaki uwazi mweupe. Baba akaupima.

"Sentimita sita," alisema. "Mtu atadhani niliishiwa maneno."

"Basi tuipunguze, Baba. Au tuipandishe juu, iwe sehemu ya habari."

Akaniangalia kama nimetukana. "Suruali haiwezi kukaa kwenye habari yenyewe. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu."

Haya yote ningeyavumilia, kama Jumatatu Mama asingepita dukani kuniletea miwani niliyoisahau kwake. Printa ilikuwa ndiyo kwanza imekohoa kurasa. Akachukua moja, akaisoma juu, akashuka, akaisogeza mbali na macho kwa ajili ya zile herufi ndogo.

"Huyu 'mke wangu' wa hapa chini ni mimi?"

"Ni wewe, Mama."

"Na huku juu?"

"Huku juu ni Baba."

Akafunua nyingine, na nyingine. Kila mahali alijikuta palepale, chini ya kamstari. Hakupaza sauti. Mama akikasirika kweli huwa mpole, na upole ule unanitisha tangu utotoni.

"Miaka arobaini ya ndoa," alisema, "na ninasomeka kwa miwani tu. Basi Jumamosi aende na watu wa juu. Mimi siendi."

Jumamosi ndiyo siku kitabu kilikuwa kizinduliwe, kwenye ukumbi wa shule yake ya zamani. Viti viwili vya mbele vilishawekwa karatasi: Mwandishi, na Mke wa Mwandishi. Mama hajawahi kukosa shughuli yoyote ya Baba, hata ile ya kuzindua tangi la maji ambalo halikuwa na maji. Nilikuwa nakiona kile kiti kitupu, na karatasi yake, na watu wakiulizana. Roho iliniuma kwa ajili yao wote wawili.

"Atakuja," Baba alisema nilipomweleza. Kesho yake alikuja dukani amevaa soksi mbili zisizojuana, na yeye ni mtu wa kupima soksi.

"Mtu mwenye adabu hajisifii nyumba yake mbele za watu," alinieleza, ingawa sikuuliza. "Nimemweka penye ushahidi. Ukiondoa tanbihi zile, hakuna atakayeniamini."

"Mwambie yeye hivyo."

"Amezisoma."

"Ameona zilipowekwa, Baba. Hajazisoma."

Akaipima meza yangu bila sababu.

Jumatano mchana mchapishaji, mwenye mitambo ya kutoa vitabu, alipiga simu: faili alilitaka Alhamisi saa nne asubuhi, la sivyo vitabu havitafika ukumbini. Nikafungua ukurasa wa arobaini. Ya kumi na saba ilikuwa imehama tena, safari hii bila kuguswa na mtu. Nakiri mori ulinipanda. Nikaingia kwenye orodha ya amri, nikaipata ile inayozitoa tanbihi zote chini ya kurasa na kuzipeleka mwisho wa kitabu, nikabonyeza kwa hasira kiasi kwamba kitufe kililalamika.

Zikaondoka zote kwa mpigo. Kurasa zikabaki nyeupe chini. Kule mwisho zikajipanga moja baada ya nyingine, tena zikajivika namba za Kirumi ambazo hakuna aliyeziomba. Nikaprinti haraka, ili Baba akute kazi imekwisha.

Alifika saa tisa na rula yake, akakosa cha kupima.

"Ziko wapi?"

"Nyuma. Zimehamia nyuma zote, na leo hazirudi." Nilijiandaa kwa hotuba.

Hotuba haikuja. Namba za Kirumi zilimpendeza, nadhani. Akaketi kwenye kiti cha mteja, akaanza kusoma kwa sauti ile ya darasani. "Moja. Ndoo za kukingia maji paa lilipovuja ziliazimwa na mke wangu, nyumba kwa nyumba. Mbili. Kengele ya kwanza ya shule ilikuwa kifuniko cha sufuria ya mke wangu. Hakurudishiwa." Akaendelea. "Tisa. Mitihani ya mwaka ule aliichapa mke wangu kwa taipureta, kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkono wa pili ulimbeba binti yetu mwenye surua."

Binti huyo ni mimi. Nilikuwa nimeichapa tanbihi ile juma zima nikihangaikia inakaa wapi, wala sikuwa nimeisoma. Nikageukia printa nijifanye naongeza karatasi.

Kufika ya kumi na mbili sauti ilipungua. Kufika ya kumi na saba alikuwa anasoma kimya. Alipoimaliza ya thelathini na nane alivua miwani.

"Nani aliziweka hivi?"

"Ni zako, Baba. Neno kwa neno. Zilikuwa zimetawanyika, sasa zimekutana."

Akakaa na zile kurasa magotini. Kisha akasema polepole, "Nimeandika vitabu viwili. Na cha nyuma ndicho kizuri."

Nikalifungua faili. Kwa Baba, kukubaliwa haraka ni kama kupingwa.

"Zipandishe," alisema. "Ziunge, ziwe sura ya kwanza. Herufi ziwe kubwa kama zangu. Namba toa."

"Kitabu kitabaki bila tanbihi hata moja. Kitakuwa porojo."

"Kiwe."

"Na suruali?"

Akafumba macho. "Na suruali."

Alhamisi saa mbili asubuhi nilimwita Mama dukani. Alikuja kwa ajili yangu, akalisema hilo mlangoni, ili pasiwe na kutoelewana. Nikampa sura ya kwanza. Aliisoma bila miwani, kwa kuwa sasa herufi zilitosha. Alicheka kwenye kifuniko cha sufuria. Kwenye taipureta alinitazama, akarudi kwenye karatasi. Alipomaliza akajifuta jicho kwa kiganja.

"Kumbe alikuwa anaona," alisema.

"Alikuwa anaona, Mama."

"Na hakusema siku zote hizo, yule mzee." Akapangusa jicho la pili. Kisha uso wake ukabadilika kidogo, na nikaufahamu ule mwangaza. "Ule mstari wa chini bado upo kwenye mashine yako?"

"Upo."

"Niwekee kitu kimoja pale penye suruali." Akaniinamia sikioni, ingawa dukani hakukuwa na mtu mwingine, akaniambia.

Nikaichapa. Tanbihi namba moja, ya pekee katika kitabu kizima. Ikakaa chini ya ukurasa wake na haikutikisika. Saa nne kasoro dakika tano faili lilikuwa kwa mchapishaji.

Vitabu vilifika Jumamosi asubuhi, moja kwa moja ukumbini, hata Baba hakupata nafasi ya kuvipima. Viti vyote viwili vya mbele vilikuwa na watu. Mama alikuwa amevaa gauni la buluu ambalo lilikuwa likisubiri shughuli, na soksi za Baba zilikuwa za jozi moja.

Baba akasimama, akafungua sura ya kwanza, akailaza rula juu ya kitabu ishikilie kurasa, akasoma. Watu walicheka kwenye kifuniko, wakanyamaza kwenye taipureta. Akafika kwa mkaguzi. Akaeleza Mama alivyomtembeza bustanini, akaitaja ile miti yenye majina ya kubuni, akasoma, "mpaka suruali ikakauka," na hapo akakiona kinamba. Macho yakashuka chini ya ukurasa. Akakwama.

"Soma," Mama alisema kutoka kitini. "Kitabu kisicho na tanbihi ni porojo."

Baba akakohoa. "Suruali haikuwa imekauka. Nilimwambia imekauka, kwa sababu miti ilikuwa imeniishia. Akaivaa, akaniamini."

Ukumbi ulipasuka. Walimu wazima waliegemeana. Baba alisubiri kicheko kiishe, akiwa wima kama siku ile ya mkaguzi.

"Ndiyo maana," alisema, "niliugua mafua wiki nzima."

"Nikakuuguza mimi," Mama akajibu. "Na hilo hukuliandika."

Baba akamtazama. Kisha akachomoa kalamu mfukoni, akainama juu ya kile kitabu, na watu wote wakiwa wanamngoja, akaanza kuliandika kwa mkono palepale chini ya mstari, akiinyoosha mistari kwa rula.